Kichekesho cha Mama Ndagala

Mwanasiti aliposikia Ilyasi mchekeshaji anaitwa jukwaani, aliacha karai la ndagala, dagaa wa ziwani, motoni, mafuta yakitokota, akaingia katikati ya watu mbio.

Baa zote za mtaa wa Bwiza zilikijua kile kichekesho chake. Mama Ndagala anakaanga samaki, mumewe kavuka mpaka kwenda Kongo na harudi, na wanaume hawaishi kubisha hodi kwake kununua samaki, hata siku ambayo jiko halijawashwa. Ilyasi hakumtaja mtu kwa jina. Ya nini? Mwanamke wa namna hiyo Bwiza nzima alikuwa mmoja. Na binti yake, Saliha, alikuwa ameketi kwenye mkeka wa mbele kabisa pamoja na watoto wote wa madrasa, maana sikukuu ya Idi watoto hukaa mbele.

Mwanasiti alimdaka mkono Mzee Yahaya, mkubwa wa kamati ya sherehe.

"Mzee, muzuie huyo, wallahi! Mutoto wangu yuko pale!"

"Tulia, Mama Saliha. Ilyasi ni mutoto wa mwadhini. Adabu anaijua."

Hapo ndipo kamati ilipokosea. Walimjua baba. Baa hawakanyagi, kwa hiyo mwana hawakuwahi kumsikia.

"Mama Ndagala! Mama Ndagala!" vijana wa nyuma walianza kudai.

Ilyasi aliwatazama watoto, akasita. Mwanasiti alimwona akisita, roho ikamrudi. Kisha jamaa akatabasamu, akajifunga kitenge kiunoni, akaanza kutikisa nyonga.

Mwanasiti alilirukia jenereta, akang'oa waya. Mikrofoni ikafa.

Lakini vijana walikuwa wamekihifadhi kichekesho chote.

"Hodi, Mama Ndagala!" walipaza sauti wa upande mmoja.

"Ingia, baba! Jiko limepoa, kitanda cha moto!" wakajibu wa upande wa pili.

Watoto nao, waliozoea kuitikia kila wanachosomewa madrasani, wakaitikia kwa sauti moja nyembamba: *kitanda cha moto!*

"Ilyasi, huna haya!" Mwanasiti alipiga kelele. "Mbele ya watoto!"

"Ah, Mama Saliha! Leo umenuna? Kule baa si we unachekaka kuwashinda wote?"

Uwanja ukaangua kicheko. Na ilikuwa kweli. Wateja wake wa samaki walikaa kwenye meza zile zile za baa. Asiyecheka angepeleka wapi samaki wake?

Saliha alikuwa amesimama juu ya mkeka. Wasichana waliokaa naye walishakusanya magauni yao, wakasogea mbali.

"Mama, ulicheka?"

"Twende nyumbani, mwanangu."

"Ulicheka?"

"Nilicheka. Twende."

"Baba naye akisikia, atacheka?"

Mwanasiti alinyoosha mkono amshike. Saliha akaficha wake ndani ya mtandio, akaanza kutembea peke yake, akiwapita watu waliokuwa bado wanajifuta machozi ya kicheko. Mama alimfuata, akimwita kwa jina, na kila alipoliita, waliokuwa hawajui ni mtoto wa nani wakageuka kumtazama.