Kwa Nini Anauzwa

Mjomba Sostenes anajua kununua ng'ombe, na hilo silibishi. Pale mnadani Msalato watu wazima na akili zao humvuta kando wakimwomba awaangalizie mnyama kabla hawajatoa hela. Atamshika pembe, atamfunua mdomo atazame meno, atamtembeza aone kama kuna mguu anaouonea huruma. Mwisho humgeukia mwenye mali na kumuuliza swali moja: kwa nini anauzwa? Jibu likichelewa, mjomba anaondoka zake. Shida ni kwamba mimi sikutaka ng'ombe. Nilitaka laptop.

Nilikuwa nimemaliza chuo nikakaa nyumbani kwa mama, Nkuhungu hapa Dodoma mjini, mpaka majirani wakachoka kuniuliza habari za kazi. Ndipo nikapata. Dada Munira, anayesimamia utafiti wa wakulima wa zabibu, alinichukua niwe mmoja wa wahojaji wake. Tunapita mashambani Makutupora na Hombolo, tunawahoji wakulima, tunaingiza majibu kwenye kompyuta palepale na kuyatuma jioni. Sharti lilikuwa kila mhojaji aje na laptop yake. Mimi sikuwa nayo, wala hela yake sikuwa nayo. Mama akampigia simu kaka yake.

Baba alifariki nikiwa mdogo, na ada zangu zote zilitoka zizini kwa mjomba, huko kijijini kwake mbele ya Msalato. Kwa hiyo zizi lenyewe lilikuwa limeshakauka. Walibaki maksai wawili wa kulimia, Sajenti na Koplo, waliovuta jembe pamoja tangu walipofungwa nira kwa mara ya kwanza. Siku ya mnada mjomba akampeleka Sajenti. Jioni akafika kwetu na hela imefungwa kwenye kitambaa, nami nikapiga goti na kunyoosha mikono miwili nipokee.

Hakunipa. "Hela ya ng'ombe haitumwi dukani peke yake," akasema. "Inakwenda na mwenyewe, aone inapoingia. Kesho kutwa tutakwenda wote."

Mama alinikata jicho ambalo nalijua tangu utotoni. Lilisema: thubutu ufungue mdomo wako.

Basi tukaenda. Na msidhani nilikwenda kichwa kichwa. Nilishasoma na kuuliza mpaka macho yakaniuma, na kwa hela ile kila anayejua aliniambia nisiguse mpya. Laptop mpya ya bei ndogo ni plastiki tupu, na bawaba zake, pale kifuniko kinapojikunjia, zimeshikwa na skrubu zilizozamishwa kwenye plastiki hiyohiyo. Bora iliyotumika ofisini, ile nene yenye mwili wa chuma, ambayo ilipokuwa mpya mimi nisingeweza hata kuuliza bei. Mtu anayeshinda juu ya bodaboda katika vumbi la Hombolo anahitaji hiyo. Na dukani kwa Hasani, Barabara ya Sita, zilikuwepo.

Hasani ni kijana wa Kondoa, mpole, haongei zaidi ya anachoulizwa. Mjomba aliingia na fimbo yake na koti lake la kanisani.

"Mbukwenyi," akasalimia kwa kilugha, kama anavyosalimia kwenye nyumba yoyote ya kwao.

"Mbukwa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu huyu anataka mashine ya kazi. Tuonyeshe."

Hasani akaweka mbili juu ya kaunta, bei zake zikikaribiana. Moja nyeusi, nene, imekwaruzika kwenye kona. Nyingine mpya, nyembamba, inang'aa, imetoka kwenye boksi mbele ya macho yetu. Mjomba akaanza na nyeusi, na moyo wangu ukatulia. Akaipima uzito kwa mkono. Akaigonga mgongoni. Akakifunua kifuniko, akakifunga, akakifunua tena.

"Ana taya nzuri huyu," akasema.

Nilicheka kwa furaha. "Ndiye huyo, mjomba. Ndiye ninayemtaka."

"Ngoja kwanza." Akamgeukia Hasani. "Kwa nini anauzwa?"

"Nini, mzee?"

"Huyu ametumika. Alikuwa na mwenyewe. Mwenyewe kamuuza kwa nini?"

"Hizi ni za ofisi za Ulaya, mzee. Kule wakikaa nazo miaka michache wanaziuza, wananunua nyingine."

"Zikiwa zimeharibika?"

"Hapana, zikiwa nzima."

"Moja moja?"

"Zote kwa mpigo. Zinajazwa kwenye kontena, zinakuja huku."

Mjomba akairudisha laptop kwenye kaunta taratibu, akajifuta vidole kwenye koti. Niliona kinachokuja na sikuwa na pa kukizuilia.

"Kijana," akasema, "mtu akiuza ng'ombe mmoja, ana shida. Akiuza kundi zima siku moja, na wote wazima, ujue ugonjwa umeingia zizini na yeye kauona kabla yako."

"Mjomba, hawa si ng'ombe," nikasema. "Hiyo mpya ni plastiki. Bawaba zake hazitamaliza msimu."

"Hiyo mpya imewahi kukaa kwa nani?"

"Haijakaa kwa mtu, lakini..."

"Basi. Ndama unayemlea mwenyewe unamjua tangu siku ya kwanza. Hakufichi kitu."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Lakini hela ilikuwa ya Sajenti, na mwenye Sajenti alikuwa amesimama pale, amepiga pasi koti kwa ajili yangu. Ningemwambia nini? Kwamba hajui? Mzee aliyenisomesha mpaka nikajua? Nikamtazama Hasani anisaidie, naye akatazama kalenda ukutani. Hata yeye ana wajomba.

Mjomba alipotoka nje kufungua kitambaa chake mbali na macho ya watu, nilimwinamia Hasani nikanong'ona, "Niwekee moja nyeusi."

"Mpaka lini, dada?"

"Sijui."

Na mpya ikanunuliwa. Mjomba aliibeba mwenyewe mpaka kituoni, boksi kifuani, akimwambia kila aliyemsalimia kwamba hiyo ni kazi ya Dorkasi.

Ilifanya kazi vizuri, nisiizulie. Niliipenda hata. Niliifunga kwa kitenge, nikaipakata kwenye bodaboda kama mtoto mchanga, nikaifungua kwa mikono miwili. Wakulima walinikalisha kwenye ndoo, kwenye magunia, kwenye matuta ya mizabibu, nami nilifungua na kufunga, nikafungua na kufunga. Kabla mwezi haujaandama mara ya pili nikasikia kitu kimelia tak, na kona ya kulia ikapanua kinywa. Nikawa naegemeza kioo kwenye jiwe au kwenye tofali, chochote nitakachopewa. Baadaye kioo chenyewe kikazima. Fundi alisema waya wa kioo umekatwa na bawaba iliyong'oka, na kioo kipya kinakaribia bei ya mashine nzima. Dhamana waliyotupa nayo haikuhusu kuvunjika.

Dada Munira si mkorofi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Dorkasi, wenzako wanatuma kila jioni," akasema. "Nakupa mpaka Jumatatu. Baada ya hapo nitamchukua mtu mwingine, na usinichukie."

Simchukii. Ningekuwa yeye, ningefanya hivyohivyo. Nilirudi nyumbani nikaiweka maiti ile mezani, nikaifunika kitambaa cha sofa, nikamwapisha mama asimwambie kaka yake. Maana nilijua atafanya nini. Koplo alikuwa bado yupo, na mvua za kwanza zilikuwa zinanukia. Mjomba alikuwa amekubaliana na jirani mwenye maksai mmoja wawafunge nira pamoja, walime mashamba yote mawili. Koplo ndiye aliyekuwa chakula cha mwaka mzima cha nyumba ile.

Mjomba akaja Alhamisi bila kuitwa. Alikuwa anapita tu, akasema, kanisa limewaita wazee mjini. Alikunywa chai. Aliuliza habari za kazi nami nikamwambia nzuri. Akaitazama meza.

"Na ndama wetu?"

"Mzima, mjomba."

"Mfungue nimwone anavyofanya kazi."

"Inachaji," nikasema. "Ikichaji siifungui."

"Sawa. Nitasubiri."

Mtu wa mifugo anajua kusubiri. Alikaa pale kwenye kigoda, fimbo kati ya magoti, akaongea na mama habari za visima na za mchungaji mpya. Mimi nilikaa pembeni natoka jasho. Niliomba Mungu umeme ukatike. Siku zote unakatika bila kuombwa, siku ile ukashikilia mpaka mwisho. Baadaye mjomba aliinuka, akaenda mezani, akaingiza kiganja chini ya kitambaa, akakiacha hapo juu ya kifuniko, vilevile anavyoshika ubavu wa mnyama aliyelala.

"Wa baridi," akasema.

Akachukua kofia yake, akamuaga mama, akaniaga na mimi. Nilimfuata mpaka barabarani nikimwambia kwamba nitapata namna, kwamba Dada Munira ni mwelewa, kwamba asijisumbue. Alikuwa anaitikia tu, "Haya, mwanangu. Haya." Kuna watu ukiwapigia kelele wanasimama. Yeye ukimwomba anazidi kwenda.

Jumamosi alasiri alirudi. Koti lilikuwa na vumbi la mnadani, na kitambaa kilikuwa mkononi, kidogo kuliko kile cha kwanza. Mama alipokiona akaingia jikoni na hakutoka. Nami nikapiga goti tena, nikanyoosha mikono tena, nikiwa na aibu ya kutosha kijiji kizima.

"Mjomba, nipe niende mwenyewe. Umechoka."

"Nimekosea mara moja," akasema. "Sasa nikuache ukakosee peke yako? Vaa viatu, tukachague."

Nilivaa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, kila niliyoyapata nayaona ama ya kumtukana ama ya kumlilia. Yeye alikuwa ameshapata somo lake. "Nilimfunga ndama nira," akaniambia. "Ndiyo maana akavunjika. Leo tunatafuta aliyekomaa." Nikaanza kutumaini, na kutumaini kukaniuma kuliko kukata tamaa.

Hasani alipotuona tu akainama chini ya kaunta, akaitoa ile nyeusi. Rafu ilikuwa tupu, zile nyingine zote zimeshakwenda. Mjomba akaipokea, akaipima, akaigonga, akalifunua taya. Akaridhika, nilimwona. Kisha akainua macho.

"Wenzake wako wapi?"

"Wameuzwa, mzee. Wote."

"Na huyu mbona kabaki?"

Hasani akanitazama. Ningeweza kusema mimi ndiye niliyeomba iwekwe, lakini hapo ningekuwa nimekiri kwamba siku ile ile, mgongo wake ulipogeuka, nilimuasi. Kilichonitoka hakikuwa nilichopanga.

"Mjomba, leo pale mnadani walikuuliza kwa nini unamuuza Koplo?"

Akaishusha laptop kidogo.

"Waliuliza," akasema.

"Ukawaambiaje?"

"Niliwaambia ni mzima. Niliwaambia mwanangu anataka mashine ya kazi." Alikuwa bado ameishika laptop, kidole gumba kikipita juu ya mikwaruzo ya kona. "Hawakuniamini, Dorkasi. Watu ninaowaangalizia ng'ombe kila siku. Walimzunguka, wakamfunua mdomo, wakasema mtu hauzi maksai wa mwisho mvua ikinukia, lazima ana kitu anaficha. Jua likapita utosini. Nikakubali bei waliyotaka."

Nilitaka kulia na nikaona haya kulia mbele ya Hasani.

Mjomba akaiweka laptop kwenye kaunta na kuisogeza upande wangu. "Mchukue huyu," akasema. "Hana kosa."

Hela haikutosha. Hasani aliitazama, akaikunja, akaitia kwenye droo na kusema imetosha, kisha akaanza kutafuta chaja kwa muda mrefu kuliko chaja inavyotafutwa.

Tulipotoka, upepo ulikuwa umeshageuka. Matone ya kwanza yakaanguka mazito kwenye vumbi, na harufu ile ikapanda, ile ambayo Dodoma nzima huingoja tangu Aprili. Wenye maduka walitoka vibarazani wakicheka. Mama mmoja muuza karanga alinyoosha kiganja nje ya mwavuli wake akamshukuru Mungu kwa sauti. Kesho alfajiri kila mwenye maksai angekuwa shambani.

"Imeanza," mjomba akasema.

"Utalimaje, mjomba?"

"Kwa mkono. Majembe yapo."

Akavua koti lake la kanisani, akaifunika laptop mikononi mwangu, akapachika kingo zake vizuri ili maji yasipite. Shati likamlowa mgongoni. Akaniambia nitembee polepole, njia inateleza.