Nyambizi Iliyooshwa

Mama Kidonge alirudi mbiombio kutoka saluni, vumbi la kucha za watu bado limemganda kwenye mikono ya blauzi, akapita sebuleni bila hata kusalimu, moja kwa moja jikoni kuchukua nyambizi yake. Mezani haikuwepo. Dirishani haikuwepo. Aliikuta kwenye kichanja cha vyombo, imeegemezwa kati ya sufuria na kikombe cha mtoto, inachuruzika maji na kung'aa kama jino la dhahabu.

"Umeiona?" mama mkwe wake aliuliza, akifuta mikono kwenye aproni. "Nimekuokoa na aibu, mwanangu. Ungeendaje kwa watu na kitu kimejaa kutu namna ile?"

Mama Kidonge aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza huku na huku. Akajikalia kwenye ndoo.

Ile kutu ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Nyambizi ilikuja ndani ya boksi, vipande vya plastiki ya kijivu vimeshikana kwenye fremu kama mbavu za samaki. Ukiviunga, unapata chombo ambacho hakijawahi kuwepo duniani: nyambizi ya mvuke, tumbo la shaba, vidirisha vya duara, magurudumu ya meno yamening'inia nje kama matumbo ya saa, na mgongoni dohani ndefu. Mama mkwe alipoiona hiyo dohani mara ya kwanza alicheka hadi akashika ukuta. "Chini ya maji! Moshi utatokea wapi, masikioni mwa samaki?"

Lakini Mama Kidonge alishaipenda. Kila jioni akitoka masomoni alikata vipande kwa kikata kucha, akavipiga msasa kwa tupa ya kucha, akavibandika kwa gundi ya kucha za bandia. Ribiti, vile vichwa vya misumari ya kuungia mabati, zilizopungua alizidondosha mwenyewe, tone moja moja la rangi nzito, kwa kile kijiti cha kutilia vidoti kwenye kucha za maharusi. Kisha akaanza kuizeesha. Alipaka unga wa kutu kwa sifongo, akatia kijani kwenye maungio, akachora michirizi ya mafuta kwa brashi yenye unywele mmoja. Kilichobaki ni kuipulizia vanishi ili uchafu ushike. Alipanga kupuliza leo hii, kabla hajatoka.

Na leo ndiyo ilikuwa siku. Kulikuwa na karakana mjini inayotengeneza majengo na meli ndogo kwa ajili ya makumbusho na filamu, na fundi mkuu wake alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kujifunza kazi. "Niletee kitu ulichokijenga wewe," alimwambia kwenye simu, "na kionekane kimefanya kazi, kimechoka. Vinavyong'aa hata dukani vipo." Mama Kidonge hakuwa amelala vizuri tangu siku hiyo. Akichukuliwa, ataagana na kucha, kazi unayoipamba leo na baada ya wiki mbili inarudi mbele yako imetafunwa.

"Mama," alisema hatimaye, "umeiosha na nini?"

"Na kila kitu! Maji ya vuguvugu, sabuni ya unga, mswaki. Iling'ang'ania, nami nikang'ang'ania."

"Ile kutu niliipaka mimi."

"Uliipaka wewe?"

"Makusudi. Wiki nzima."

Mama mkwe alimkazia macho kama mtu anayempima homa kwa mbali. Mtaani walimwita Bibi Dodoki. Ilisemekana huosha hata sabuni kabla hajaitumia. "Mwanangu," alisema taratibu, "una mtoto mdogo, una kazi, una masomo. Halafu unatenga muda wa kuchafua?"

Mlango wa chumbani ukafunguka kidogo. Baba Kidonge, ambaye alikuwa mlinzi wa usiku na mchana huwa amelala, akatokeza kichwa. "Nilimwona anaibeba kwenda kwenye sinki," alikiri.

"Na hukumzuia?"

"Nimzuie Mama akiwa ameshika mswaki? Mimi mwenyewe nilipita kwa kunyata nisije nikaoshwa."

Mama Kidonge alitaka kucheka, machozi yakatangulia. "Basi," alisema akitafuta simu mfukoni. "Namwambia siendi."

Hapo ndipo mama mkwe alipoelewa. Aliitazama nyambizi, akamtazama mkaza mwana wake, akavua aproni kama bondia anayevua joho.

"Nani haendi? Weka simu hiyo. Kwa hiyo kinachokuliza ni uchafu? Uchafu! Lete huo unga wako. Nimepigana na uchafu tangu sijaolewa. Najua unapolala na unapoamkia."

Unga wa kutu ulikuwa umebaki kiduchu, wakaongezea poda ya kahawia ya kupaka kwenye kope. Masizi je? Sufuria za Bibi Dodoki hazikuwa nayo hata ya dawa. Baba Kidonge akatumwa kwa jirani kuomba ya chini ya sufuria zake. Alirudi na masizi kwenye kipande cha gazeti, na uso wa mtu aliyetukanwa na ukoo mzima.

"Hapo katikati usiweke," mama mkwe aliamuru. "Kutu haianzi uwanjani, inaanza vichochoroni. Chini ya ribiti, hapo maji yanaposimama. Haya, sasa ivute ishuke. Ishuke! Umeona wapi uchafu unapanda ngazi?"

"Na huku naweka kijani."

"Kijani cha nini? Kwani ni mchicha?"

"Shaba ikizeeka inaota kijani, Mama."

"Usinidanganye."

"Haki ya Mungu."

"Kumbe! Mimi shaba yangu haijawahi kupata nafasi ya kuzeeka." Mkono wake ulikuwa unanyemelea kitambaa cha kufutia, ikabidi aukalie.

Walipofika kwenye mlango wa juu, ule wa duara wenye usukani mdogo, mama mkwe aliuchomoa mkono na kuufunika mlango kwa kiganja. "Huu hapana."

"Mama, muda unaisha."

"Mlango wanaoingilia watu hauachwi mchafu. Kama humo ndani kuna hata mtu mmoja aliyelelewa, hapa amesugua."

Muda wa kubishana haukuwepo. Mama Kidonge alipuliza vanishi uani, akaikausha kwa kikausha nywele, wakatoka, yeye amekumbatia boksi, mama mkwe amembeba Kidonge.

Karakana ilikuwa na meza ndefu zilizojaa mitaa midogo, miti ya sifongo na stesheni ya treni isiyo na abiria. Fundi mkuu alikuwa na miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji la uso. Aliipokea nyambizi, akaigeuza chali, akaigeuza kifudifudi. Alifuata mchirizi wa kutu kwa ncha ya penseli. Kisha penseli ikasimama kwenye mlango.

"Hapa ulisahau."

Mama Kidonge angeweza kusema muda ulimwishia. Aliutazama ule mlango mdogo unaong'aa, na badala ya aibu akamwona mtu.

"Sikusahau. Humo ndani kuna mama mmoja. Mabaharia wengine wameshakata tamaa, chombo kinaoza, lakini yeye kila asubuhi anapanda na mswaki wake, anatoa mkono nje, anasugua mlango. Mkono haufiki zaidi ya hapo."

Fundi alishusha miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. "Ndiyo maana mikwaruzo ya hapa inazunguka, kama ya mswaki."

"Ndiyo maana."

"Na kwa nini wasimwambie apumzike?"

"Nani amwambie?"

Fundi alicheka hadi miwani zote mbili zikaanguka mezani, moja ikatua juu ya stesheni. "Jumatatu," alisema akiziokota. "Kwa majaribio. Ile stesheni pale ni mpya mno, haina hata alama ya mtu aliyesubiri treni. Utaanza nayo."

Nje, mama mkwe alikuwa kwenye benchi, Kidonge amelala begani. "Amesemaje?"

"Amenichukua, Mama! Naanza Jumatatu."

"Na mlango? Alisemaje kuhusu mlango?"

Mama Kidonge alimsimulia yote, mama aliye ndani, mswaki, mkono usiofika mbali. Mama mkwe alisikiliza midomo ikichezacheza, mara tabasamu, mara siyo. Mwishowe alisimama, akamweka mtoto vizuri begani.

"Mkono wangu haufiki?" alisema. "Mimi? Ningeimaliza nyambizi yote kabla hawajanywa chai."