Siku Bwana Ndiyo Alipofunga Mdomo

Mimi ni fundi wa sauti. Kazi yangu ni kuvaa hedifoni kutwa nzima na kusikiliza yale ambayo wenzangu hawayasikii: friji inayonguruma, bangili inayogonga meza, tumbo la mtu mwenye njaa. Kwa hiyo msinishangae nikisema nimemchoka Bwana Ndiyo kuliko binadamu yeyote. Wenzangu walimwona tu. Mimi nilikuwa naye masikioni mwezi mzima.

Kama hamjamsikia, heri yenu. Ndiye aliyeanzisha ule mwamko wa kubadilisha maisha kwa neno moja. Ukiulizwa chochote, jibu ndiyo. "Ndiyo kwanza, kufikiri baadaye!" anapaza sauti huku ameinua mkono, na ukumbi mzima unaitikia, "Ndiyooo!" Wapo wanaoapa kwamba amewaokoa. Wapo pia waliokwenda kulalamika magazetini, kama yule karani ambaye mkuu wake alimwuliza kwa hasira, "Kwani unataka kufukuzwa kazi?" Naye, mwanafunzi mwaminifu, akajibu kama alivyofundishwa. Bosi wangu, mwongozaji wa filamu, akainusa habari hiyo, akasema tutengeneze filamu ya kweli kumhusu huyu mtu, tusikilize pande zote mbili.

Pande zote mbili, jamani! Upande mmoja ulikuwa mama yangu mzazi.

Mama ni mshonaji. Baba alipofariki alijifungia ndani, na kila ulichomwambia alisema hapana. Kula, hapana. Kutoka, hapana. Wateja walirudishwa mlangoni na vitambaa vyao. Kisha jirani akamburuta hadi kwenye mkutano wa Bwana Ndiyo, na mama akarudi anacheka, na cherehani ikaanza kulia tena. Sitasema uongo, siku ile nililia kwa furaha. Ndiyo maana nilinyamaza baadaye, hata alipokubali kupaka sebule rangi ya zambarau, hata alipokubali kumlelea jirani bata wake. Bata! Na sisi tunakaa ghorofa ya tatu.

Lakini Jumamosi, kamera zikiwa zinarekodi, Bwana Ndiyo akamwita mama jukwaani, akapiga goti akiwa na viatu vyake vyeupe, akauliza mbele ya umati, "Mama mshonaji, utakuwa mke wangu?" Sasa hapo angejibu nini? Mama akasema ndiyo, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, nami nusura niangushe mtambo.

Nyumbani nilimkuta anakata lesi ya gauni la harusi.

"Mama, unampenda huyu mtu?"

"Ndiyo."

"Au humpendi?"

"Ndiyo."

"Mama! Haya, nikuletee chai?"

"Ndiyo."

"Yenye sukari?"

"Ndiyo."

Mama yangu hanywi chai yenye sukari. Anasema hiyo ni dawa ya kikohozi. Nilimtilia sukari kwa hasira, vijiko vya kujaa, naye akainywa yote macho yakimtoka. Hapo nikajua nimekwama. Nitajuaje anachotaka mama yangu, kama jibu ni lile lile kwa kila swali? Na harusi ilikuwa Ijumaa.

Jumatano tulifanya mahojiano ya mwisho chumbani kwa mama, kile cha kushonea, kwa sababu Bwana Ndiyo alitaka watazamaji wamwone na jiko lake jipya. Alikuja na wafuasi, wakajipanga ukutani kati ya marobota ya vitambaa. Bata nilikuwa nimemrudisha kwa mwenyewe. Bwana Ndiyo alizungumza hadi betri ya kamera ikaisha, tukaweka nyingine, akaendelea. Bosi akimwuliza kuhusu yule karani, anajibu, "Ndiyo, ndiyo, swali zuri sana," kisha anahamia kwenye utoto wake. Mama alikaa pembeni yake na maikrofoni kifuani, akitikisa kichwa kukubali kila kitu.

Mwishoni ikawa zamu yangu. Kila tukimaliza kurekodi mahali, lazima nirekodi pia kimya cha chumba hicho, kama dakika moja hivi. Msicheke, kila chumba kina kimya chake, na bila hicho sauti haziungani vizuri wakati wa kuhariri. Watu hawaruhusiwi hata kukohoa. Nikachomoa friji, nikazima feni, nikaitoa saa ya ukutani betri.

"Jamani, naomba kimya. Tumeelewana?"

"NDIYOOO!"

Masikio yakanivuma nziii. Nikaanza upya.

"Msiitikie. Nyamazeni tu. Sawa?"

"NDIYOOO!"

Bosi alikuwa amejificha nyuma ya kamera, mabega yanamtetemeka. Bwana Ndiyo ndiye aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote. Safari hii nikawa mjanja, sikuuliza kitu. Nikaweka kidole mdomoni, nikabonyeza kitufe.

Kimya. Kwanza nikasikia tumbo la Bwana Ndiyo likinguruma. Halafu pumzi zake, za mtu aliyebanwa na haja. Hakujua aiweke wapi mikono. Alitabasamu, tabasamu likamwisha, akalitafuta tena. Mama akageuka akamtazama, akamtazama vizuri, kama anavyomtazama mteja anayedai amekonda. Kwenye hedifoni nikasikia pumzi ya mama ikisimama, kisha ikaanza kukatika katika, na moyo ukaniruka nikidhani analia. Nikainua macho. Mama yangu alikuwa anazuia kicheko!

Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu dukani, "Hapana."

Bwana Ndiyo akashtuka. "Umesemaje, mpenzi?"

"Hapana! Sikutaki!" Mama alisimama, mkono juu. "Tangu Jumamosi sikutaki! Ulinitoa ndani, ahsante sana, Mungu akubariki, lakini kuolewa na wewe siolewi!"

Na wale wafuasi, ambao mtu akiinua mkono na kupaza sauti wanajua jambo moja tu, wakaitikia kwa pamoja:

"NDIYOOO!"

Loo! Bosi alikaa chini sakafuni. Mfuasi mmoja alicheka mpaka akaangusha sanamu la mama la kupimia nguo, wakalala pamoja. Bwana Ndiyo akawageukia wafuasi wake. Nikamwuliza kwa adabu zote, "Mzee, umekubali alivyosema mama?"

Kamera ilikuwa bado inarekodi, na wafuasi wote wanamtazama. Jasho likamtiririka.

"Ndiyo," akasema.

Walipoondoka nilimkumbatia mama mpaka akanifinya nimwachie. "Mama, umepatwa na nini?"

"Mwanangu, sikuwahi kumwona huyu mtu akiwa amefunga mdomo. Ulipotunyamazisha, nikajisikia mwenyewe humu ndani. Nikajiuliza, hivi huyu amekaa kwenye kiti changu anafanya nini?"

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. "Nikuletee chai?"

Mama aliangalia dari, akaangalia lesi iliyobaki mezani, akafikiri weee, hadi nikaanza kuogopa.

"Ndiyo," akasema. "Lakini ukithubutu kutia sukari, utanitambua."