Alama ya Usalama

Washtakiwa huniita Mama Alama, na sijawahi kukasirika. Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa hiyo hiyo: mtu akishakiri kosa mahakamani, mimi humhoji, nikamjazia fomu ya kupima kama atarudia kosa, na chini kabisa ya fomu kuna kisanduku cha jumla. Akipata alama kumi na moja au pungufu, adhabu anaitumikia nje, anafagia hospitali au anazibua mitaro. Akifika kumi na mbili, anaingia ndani. Hakimu ana mafaili arobaini kwa siku, kwa hiyo husoma kisanduku tu.

Fomu imepita mikononi mwa wakubwa watatu, na kila mmoja alikuja na imani yake. Wa kwanza aliamini wizi umo kwenye damu, akatia swali: nani katika ukoo aliwahi kufungwa? Wa pili alikuwa mtu wa huruma. Alisema mhalifu hazaliwi, shida ndizo zinazomtengeneza, akatia maswali ya watu wangapi wanalala chumba kimoja na choo wanachangia na nani, ili wenye shida wajulikane wasaidiwe. Tulimpigia makofi. Wa tatu alisema mwizi ni mfanyabiashara kama wengine, anapima faida na hasara, basi dawa yake ni kumwongezea hasara. Huyu hakufuta swali hata moja, aligeuza alama tu. Choo cha kuchangia, kilichokuwa kikimpatia mtu msaada, siku hizi kinampatia alama mbili za hatari. Sikumsikia yeyote akilalamika, na mimi nilinyamaza kama wenzangu.

Na mimi nilichangia changu, ingawa hakikuandikwa popote. Ukiwa na mashaka na jibu, ongeza moja. Ukimwachia mtu naye akarudia kosa, mkubwa atakuita ujieleze. Ukimfungisha ambaye asingerudia, nani atakuita? Niliiita alama ya usalama, nikawafundisha maafisa wapya wote waliopita meza ya pili, ya wanaoanza kazi, pale chini ya feni mbovu. Walinishukuru sana.

Halafu mtoto wa dada yangu akaharibu. Ni fundi wa majokofu, ana miaka ishirini na minne, na huniita mama mdogo. Alichomoa mota nzima kwenye jokofu la mteja, akaiuza, akamwambia mwenye mali kwamba imeungua. Alikiri siku ya kwanza tu. Nilitamani kumzaba kofi.

Faili la ndugu huruhusiwi kuligusa, kwa hiyo nililipeleka meza ya pili, kwa binti niliyemfundisha kazi mwenyewe. Lakini hesabu ya kichwani nani angenizuia? Jioni ile niliketi jikoni kwa dada, nikahesabu kwa vidole. Kaka yetu mkubwa aliwahi kufungwa miezi minne kwa ugomvi wa kiwanja: tatu. Choo cha kuchangia: mbili. Wanne chumba kimoja: mbili. Baba hayupo: mbili. Kazi isiyo na mkataba: mbili. Marafiki wabaya: sifuri. Wizi wenyewe, kwa kuwa ni wa kwanza: sifuri.

"Kumi na moja," nikamwambia dada. "Hafiki. Atafagia hospitali miezi sita, arudi na adabu zake."

"Nimepata wakili. Jirani amenielekeza."

"Wa nini? Mwache."

"Una hakika?"

"Dada, hii ndiyo kazi yangu."

Dada huyu ndiye aliyenisomesha kwa kufua nguo za watu, na alikuwa akijivunia kazi yangu kuliko mimi mwenyewe. Wakili akaachwa.

Siku ya hukumu hakimu alifunua faili, akatazama chini ya ukurasa, akasoma kumi na mbili. Mwaka mmoja na nusu. Kijana hakumtazama hakimu. Alinitazama mimi, akisubiri nisimame niseme kitu, na nilibaki nimekaa mpaka wakamtoa.

Nilikwenda moja kwa moja meza ya pili, nikamwomba binti anionyeshe faili. Kila kitu kilikuwa kama nilivyohesabu, isipokuwa kwenye swali la marafiki.

"Hapa umeandika moja. Marafiki gani?"

"Alinitajia mafundi wawili anaokula nao mchana. Sikuwajua, na muda wa kuwafuatilia sikuwa nao. Nikapata mashaka."

"Kwa hiyo?"

"Nikaongeza ya usalama." Alisema bila hila yoyote. "Si ulinifundisha, mama? Tena huyu ni wa kwako. Ningeacha sifuri, wangesema nimekupendelea."

Nilitafuta kosa lake, nikalikosa. Nikamwambia amejaza vizuri, kwa sababu alikuwa amejaza vizuri.

Dada alikuwa kwenye benchi la nje, amepakata mfuko wenye mkanda na viatu vya mwanawe. Nilimweleza yote, swali kwa swali. Nilimwambia na hiyo ya mwisho ilikotoka na nani aliyeianzisha.

"Tatu ni za mjomba wake," alisema taratibu. "Mbili za choo cha mwenye nyumba. Mbili za baba yake aliyetukimbia. Ya kwake mwenyewe iko wapi?"

"Hana."

"Na hii iliyompeleka ni ya usalama."

"Ndiyo."

"Usalama wa nani?"

Ningeweza kusema wa jamii, ndivyo tunavyoandika kwenye ripoti.

"Wangu," nikasema.

Alitikisa kichwa, akainuka, akauweka mfuko kwapani. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akausogeza kando.

"Mdogo wake naye sasa ana ndugu aliyefungwa," alisema. "Nenda kamwandikie tatu zake kabisa, usisubiri mpaka akosee."