Iguana Sita wa Baltra

Miaka kumi na moja nimepakia mizigo kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa cha Baltra, na miaka yote hiyo nilimcheka Don Abdón, mzee anayeondoa iguana, wale mijusi wakubwa, kwenye njia ya kutua kabla ndege hazijashuka. Nilimwita Mchunga Mijusi. Huwabeba mmoja mmoja, bila haraka, utadhani analipwa kwa saa.

Asubuhi ile sikuwa na kicheko. Mke wangu Narcisa alikuwa amejifungua alfajiri na damu ilikuwa haikatiki. Visiwani kwetu hapakuwa na daktari wa kumpasua. Ndege ya wagonjwa kutoka Guayaquil, mji wa bara, ilikuwa inazunguka juu yetu na kushindwa kutua, kwani mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka, na iguana sita wamejilaza kwenye lami wakijipasha moto.

Nilimkamata mmoja, nikamtupa ukingo wa karibu, nikamkimbilia wa pili. Kugeuka, wa kwanza amesharudi katikati.

"Acha, Eliécer, unatuchelewesha," Don Abdón akasema.

"Mke wangu anakufa pale kwenye gari, mzee."

"Najua. Lakini huyu shimo lake liko mashariki, wewe unampeleka magharibi. Atakatiza njia kurudi kwake mpaka jioni. Nishikie kofia, usimguse mwingine."

Nikashika kofia. Akamnyanyua iguana yule kifuani na mkiani, akampeleka kwake. Hakukimbia. Wawili magharibi, wanne mashariki, na hakuna hata mmoja aliyerudi. Akawapungia mkono watu wa mnara wa kuongozea ndege, ndege ikashuka, ikamchukua Narcisa, mimi nikabaki na mtoto.

Daktari wa Guayaquil aliniambia kwa simu kwamba robo saa zaidi tu, angempokea akiwa maiti. Nilikaa juu ya toroli la mizigo nikalia mbele za watu, sikuona haya. Nilikuwa nimemcheka mtu kwa kujua kila iguana analala wapi, na kujua huko ndiko kulikompa binti yangu mama.

Narcisa alirudi baada ya wiki tatu. Nilikuwa nimemsimulia yote. Alishuka ngazi ya ndege polepole, akanipita mimi niliyembeba mtoto, akaenda moja kwa moja kwa Don Abdón, akaishika mikono yake iliyojaa makovu ya kucha, akaibusu.

"Mama, mumeo yule pale," mzee akasema, kaona aibu.

"Atangoja," Narcisa akajibu.

Nikangoja. Alipomwachia mzee, nikampa Narcisa mtoto, nikaenda kuibusu mikono ile nami.