Grevilea Saba Ukutani

Jumanne moja, baada ya kupimiwa kilo kumi na nne za majani ya chai, Nyanchera alipanda kilima cha Manga na kikapu kitupu mgongoni, akapitia kando ya ukuta wa Fred ili autazame kwa jicho baya. Ilikuwa kawaida yake. Fred ni mtoto wa shemeji yake, mtu wa ofisi Nairobi, na nyumba yake ilikuwa gumzo la kilima kizima. Aliijenga kwa matofali mazuri, kisha akaamuru matofali hayo yavishwe mbao kwa nje, kuanzia msingi hadi paa. Watu walimhurumia. Huku mbao ukutani ni za mtu ambaye pesa za matofali zimekataa kutosha, na huyu alikuwa ameyapata halafu akayaficha.

Nyanchera hakumhurumia hata kidogo, kwa sababu mbao zile alizijua. Zilitoka kwenye grevilea saba ambazo marehemu mumewe Nyabuto na babake Fred walizipanda pamoja, kila mmoja akishika ncha yake ya kamba, ziwe mpaka wa ndugu wawili. Mwezi wa nne Nyanchera alikwenda Nyakoe kumtunza binti yake aliyejifungua. Aliporudi baada ya wiki tatu alikuta miti imekatwa, visiki vimeng'olewa, udongo umesawazishwa, na msingi wa nyumba umekalia mistari yake mitano ya chai. Fred alimwambia kwa upole mwingi kwamba anakumbuka vibaya. Wazee wa ukoo walikuja, wakatembea huku na huku, wakasema mpaka huonyeshwa na miti na hapa hawaoni mti. Wakanywa chai, kesi ikaahirishwa.

Basi Jumanne hiyo fundi Alfayo alikuwa juu ya ngazi akipigilia ubao wa mwisho, na ubao wa kwanza ulikuwa umeshachipua. Alfayo aliyaona yale majani, akayakwepa kwa nyundo, akaendelea na kazi.

"Hii mbao haikukauka vizuri, mama," alisema. "Nilimwambia Fred tungoje miezi mitatu, akasema wageni wa Krismasi hawawezi kungoja."

Kufikia Sabato, waumini waliotoka kanisani walipita kando ya ukuta wa kijani kibichi. Alfayo ni fundi wa mpangilio, kila mti alikuwa amepigilia mbao zake pamoja, kwa hiyo zilizotokea zilikuwa grevilea saba kamili, zimejipanga bega kwa bega, matawi yakipita juu ya mabati. Ya tatu iliinama kushoto, vile vile ilivyoinama tangu mvua ya mawe ilipoivunja ikiwa changa. Nyuki walihamia wiki ya pili. Fred alipogoa sehemu za madirisha, akasema nyumba imekuwa na ubaridi mzuri na tena hatahitaji kununua vanishi.

Nyanchera alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi tangu mwezi wa nne. Alikwenda mwenyewe kwa Mzee Ogoti, mkubwa wa wazee wa ukoo, akamwambia mashahidi wake wamejileta. Akachinja kuku wawili.

Wazee walifika Alhamisi. Ogoti alivaa miwani, akahesabu miti kutoka kushoto, akahesabu tena kutoka kulia, akapapasa kovu la ule wa tatu. Alisema ni yenyewe, maana siku ya kupandwa alikuwepo, na Nyabuto alikuwa akilalamika mgongo. Fred hakubisha. Nyanchera alikuwa tayari akiwaza katika ile mistari mitano aanze kupanda upi.

"Nyanchera, ulisema kweli," alisema Ogoti. "Miti ya mpaka ni hii, hakuna anayekataa. Na tangu enzi za babu zetu, mpaka ni pale mti umesimama. Leo sisi wote tumeona umesimama wapi."

Fimbo yake ilikuwa imeelekea ukutani.

Nyanchera alisema miti ile imesimama pale kwa misumari, na aliyeipigilia ni huyu Alfayo. Alfayo, aliyekuwa amesimama kando na ngazi yake, alikubali mara moja, akataja hata kipimo cha misumari, inchi tatu. Wazee walijitenga kidogo wakashauriana. Walirudi wakasema msumari unashika ubao tu, hauwezi kuufanya uote, na mti ukijiotea mahali wenyewe, binadamu hauulizi. Yakaandikwa, ikaombwa sala ndefu, kuku wakaliwa. Nyanchera hakuonja. Alijifungia jikoni akiosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Jumatatu iliyofuata Fred alikuja kwake na mkate na kilo mbili za sukari. Alibisha hodi kwa heshima, akauliza hali ya binti wa Nyakoe na mtoto, akasifu uji aliopewa. Kisha akatoa lililomleta.

"Mama mdogo, nisamehe kukusumbua," alisema. "Ng'ombe wako anakula nyumba yangu."

Nyanchera alitoka kuangalia. Ilikuwa kweli. Ng'ombe alikuwa amenyoosha shingo na kutafuna majani yote yaliyo chini ya dirisha la sebule, na alikuwa amefungwa kwenye kijia kilichobaki kati ya ukuta na chai. Nyanchera alimwambia Fred pole. Akafungua kamba, akamsogeza ng'ombe nyuma hatua moja, na matako yake yakaingia kwenye chai.