Dawa Iliyokuwa Kichwani mwa Chomba

Chomba alifikishwa hospitali adhuhuri, mkono wake wa kulia umesagwa na jiwe la mgodini, wala hakuwa akilia. Alimwuliza muuguzi Adija kwa upole, "Mama, Kalaba iko muzima?" Kalaba alikuwa mwenzake wa kazi, Chomba alimvuta kutoka kwenye kifusi kwa mkono huohuo uliosagwa.

Adija alikuwa ameuguza wachimbaji wengi, na utulivu ule ulimtia wasiwasi. Tena Chomba alikuwa akisinzia, pumzi zake zikienda polepole mno. Daktari Clément akaona kwamba huko mgodini wamemzidishia morfini ya kutuliza maumivu, akaagiza nalokisoni, dawa inayoibandua morfini pale iliposhika ubongoni. Adija akamchoma sindano.

Haukupita muda Chomba akafumbua macho, akautazama mkono wake kama ndiyo kwanza anauona, akapiga ukelele ulionyamazisha wodi nzima.

Mulenga, dereva aliyemleta, alikuwa bado mlangoni. Clément akamwuliza walimpa morfini kiasi gani.

"Habakumupa kitu, dokta. Dawa ilikwisha kule. Tulimufunga kitambaa tu."

Clément akaketi. Baadaye alimweleza Adija, kwa sauti ya mtu aliye msikitini, kuwa miaka michache tu nyuma wataalamu waligundua kwamba ubongo wenyewe hutengeneza vitu vya jamii ya morfini, vijipande vidogo vya protini, navyo hushika palepale inaposhika morfini. Usingizi ule huenda ulitokana na damu aliyopoteza. Lakini ule utulivu! Alikuwa ameyasoma hayo, kuyaona, hakuwahi.

"Tumemunyang'anya dawa yake mwenyewe," akasema.

Ikawabidi wangoje nalokisoni ipungue nguvu ndipo morfini ya chupa imfae. Muda wote huo Adija alimshika mkono wa kushoto, akimwomba radhi, mpaka uso wa Chomba ukalegea akalala. Baadaye vidole viwili vilikatwa, mkono ukapona.

Jioni ya siku ile ile Adija alipita sokoni, katika mtaa wa mjini uitwao Kenya, akirudi nyumbani. Akamwona fundi aliyejiunguza akiendelea kuchomelea, na mama mjamzito mwenye gunia la makaa kichwani. Akakumbuka uzazi wake wa kwanza, jinsi katikati ya uchungu mkali alivyopata kituo cha amani asichoweza kumsimulia mtu. Ndani ya kila kichwa kilichompita mlikuwa na mpishi asiyeonekana, anapika bila kuagizwa.

Akasimama katikati ya njia, watu wakimkwepa. "Subhanallah," akasema taratibu.